Mama Hataki Jina Lake

Karibu na London, Ontario
14 Februari 1955

Mama mpenzi,

Pokea heshima zangu, wewe na Baba. Sisi hatujambo, ila baridi ya huku haina adabu. Jana Krijn alitoka kukamua ng'ombe wa mwenye shamba, masharubu yakaganda, ikabidi asimame kando ya jiko mpaka yayeyuke ndipo akaweza kunywa kahawa yake. Mgongo wa Baba vipi? Na ile nyumba ya mbao mliyopewa na Waswidi baada ya mafuriko, bado inalialia upepo ukivuma? Msalimie kaka Adriaan na wifi Leuna. Leuna hajajibu barua zangu, wala simlaumu. Mwambie tu namkumbuka.

Halafu mweleze mchungaji kwamba hii London si ile London. Tuko Kanada, siyo Uingereza. Aache kuniombea kuhusu ukungu.

Sasa la maana. Kaa chini kwanza. Nina mimba, Mama! Daktari anasema mwisho wa Julai. Krijn ameanza kupiga mluzi zizini na ng'ombe wanamshangaa.

Akiwa wa kiume hakuna mjadala, ataitwa Willem kama baba yake Krijn, na Waingereza wa huku jina hilo haliwatishi. Akiwa wa kike, ni wako. Binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mama, ndivyo tulivyokuta, nami nisingetaka vingine. Tena jina lako sasa halina mtu. Tangu yale mafuriko yamchukue Tannetje mdogo, binti wa Adriaan na Leuna, kabla hata hajatimiza miaka minne, jina limelala tu. Nimeona niliinue mimi.

Tatizo ni moja: watu wa huku hawaliwezi. Bi Hobley, mke wa mwenye shamba, nimemfundisha wiki nzima. Anajaribu, maskini, mpaka uso unamwiva, mwisho anatoka na "Tania". Basi tumefikiri hivi: kanisani na serikalini awe Tannetje, lakini tukimwita mlangoni tumwite Susan. Najua utanuna. Ndiyo maana naomba ruhusa yako kwanza.

Mwanao,
Mina


Schouwen
Uholanzi, 20 Machi 1955

Mwanangu Mina,

Barua yako tumeipata, baba yako akaisoma mara mbili kisha akaenda kuchanja kuni ambazo hazikuhitajika. Huyo ndiye baba yako akifurahi. Hongera, mwanangu. Hongera na Krijn. Ule vizuri, usinyanyue ndoo za maziwa, mwache Krijn anyanyue, mikono anayo.

Nyumba bado inalia. Mwaka wa pili huu, nami bado naamka nikidhani kuna mtu mlangoni. Viazi tumeanza kuviweka dirishani vichipue. Ardhi ina chumvi bado, lakini Adriaan anasema mwaka huu itakubali. Adriaan hajambo. Leuna hajambo.

Kuhusu lile jina. Usimpe jina langu. Chagua jina ambalo watu wa huko wanaliweza, lote, mbele na nyuma. Mtoto ataishi huko, si hapa. Susan ni sawa. Sijanuna.

Mchungaji nimemweleza kuhusu London, akatazama ramani yake, akasema mmejitafutia mbali kweli. Nimekufumia soksi tatu ndogo. Ya nne nitaifuma uzi ukipatikana.

Mama yako


Karibu na London, Ontario
6 Aprili 1955

Mama mpenzi,

Natumaini mko wazima. Sisi wazima, theluji imeanza kuwa tope na Krijn ameteleza mbele ya Bwana Hobley akaanguka na maziwa yote. Mzee wa watu alivua kofia tu kama yuko msibani.

Mama, barua yako sijaielewa. Nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nimesimama, nikampa Krijn aisome, naye kakuna kichwa tu. Mama Tannetje Kodde anasema hasira hana na jina lake halitaki! Wewe ndiye uliyemnunia dada yako mwaka mzima kwa sababu binti yake wa kwanza alimpa jina la mkwe. Wewe! Mwaka mzima, mkikutana kanisani unatazama buti zako.

Basi nieleze. Ni kwa sababu tuliondoka? Siku ile bandarini Rotterdam hukulia, nikafikiri una moyo mgumu, kumbe pengine ulikuwa unatufuta. Kama ndivyo, sema, Mama. Afadhali nitukanwe kuliko kuambiwa "Susan ni sawa".

Hata hivyo nimetii, nimejaribu majina mengine yote ya kwetu. Nayatamka kwenye uzio, Bi Hobley anayarudia huku anaanika nguo. Geertruida, akaniuliza kama nimepaliwa, akataka kuniletea maji. Shangazi Joke nimemfuta. Kwa hawa watu jina lake ni mzaha, mtoto angechekwa mpaka uzeeni. Wilhelmina wanaliweza, lakini Krijn anasema mtoto mwenye jina la malkia atakaa akingoja kuhudumiwa. Anna kila mtu analiweza. Lakini Anna wa nani? Kwetu hatuna Anna. Nikimwita mtoto Anna, nani atageuka?

Susan naye vilevile. Bi Hobley amefurahi sana kusikia, anasema ana mpwa anaitwa hivyo, binti mzuri, ana meno mazuri. Nikarudi ndani nikalia. Sijui nalilia nini, labda ni mimba.

Nijibu upesi, tafadhali. Kwa ndege.

Mina


Schouwen
2 Mei 1955

Mwanangu,

Usilie, ukilia mtoto atazaliwa na uso wa baba yako. Hapa hatujambo. Viazi vimeingia ardhini, tumesherehekea kwa kahawa na keki ya kununua, maana ya kupika iliungua. Mwenyekiti wa kanisa amefunga ndoa tena, na mwanamke wa mji wa Goes mwenye kofia. Wa kofia, Mina, si wa ushungi wetu. Watu wamesema mpaka wamechoka.

Sijakufuta. Nani kakwambia mtu anaweza kumfuta mtoto? Bandarini sikulia kwa sababu baba yako alikuwa ameshaanza, na wawili tungekuwa kichekesho.

Kuhusu jina nilishasema. Susan. Ni jina la msichana wa kuuza vitambaa dukani, lakini ni sawa. Ingawa unaweza kuliweka langu la pili, katikati, mahali ambapo halisomwi. Hapana, usiliweke. Nimefikiri vibaya.

Leuna haji tena kunywa kahawa Jumapili. Tumbo linamsumbua. Usimwandikie kumuuliza.

Asubuhi. Nilitaka kukata mstari ule wa jina la katikati lakini karatasi ni nzuri. Acha tu usome. Baba yako anasema nikuambie, na mimi nasema si langu kukuambia. Tumegombana kidogo. Usijali.

Naipeleka kwa meli, ya ndege ni anasa.

Mama yako


Karibu na London, Ontario
12 Juni 1955

Mama,

Salamu kwenu wote. Jua limetoka, mahindi ya Bwana Hobley yanafika magotini, mimi nimekuwa mpana hata mlango wa choo tumeuondoa. Krijn ananiita meli ya mizigo. Akinitazama usoni akakuta nimenuna, anajidai alikuwa anasema na paka.

Tangu Aprili sijapata neno lako. Sijui kama umeandika kwa meli, sijui kama hujaandika kabisa. Kila siku nakwenda mpaka kwenye sanduku la barua barabarani na tumbo langu hili, narudi na matangazo ya mbolea.

Basi nimeamua mwenyewe. Kimya chako nimekichukua kuwa ndiyo. Akiwa wa kike ataitwa Tannetje, mbele na nyuma, kanisani na mlangoni. Bi Hobley atajifunza. Wameweza kujifunza kukata jibini letu bila kulichimba shimo katikati, watajifunza na hili. Mimi sikuvuka bahari ili mwanangu aitwe kama mpwa wa Bi Hobley, na sitaki siku moja aniulize "mimi ni nani kwao" nikose jibu.

Krijn alifurahi mpaka akanikumbatia, kisha akakumbatia paka. Kumbe alikuwa anaumia kimyakimya. Anasema mwanamume wa Zeeland hawezi kusimama mbele ya karani akasema "Susan" bila kukohoa.

Kama una neno la kupinga, liseme sasa.

Mina


Schouwen
28 Juni 1955

Mina wangu,

Hii inakuja kwa ndege. Baba yako ameipeleka posta mwenyewe, na mgongo ule.

Ngoja kwanza kuhusu jina. Nakuomba, ngoja. Una mwezi mzima bado. Yako ya Juni imekaa mezani siku kadhaa, kila nikichukua kalamu naiweka chini naenda kumenya viazi. Tumekula viazi vingi wiki hii.

Nilimwahidi Adriaan nisimwambie mtu, nawe utajifanya hujui. Leuna ana mimba. Atajifungua Septemba. Hataki kupewa hongera, hataki mtu alitazame tumbo lake, kanisani anakaa nyuma kabisa na koti la baridi katika joto hili.

Sasa nifikirie mimi. Unajua desturi kama mimi: mtoto akifa, jina hurudi katika nyumba ileile, kwa msichana atakayefuata. Jina lile ni la Leuna kabla halijawa lako. Ila analitaka? Sijui! Nilimuuliza mwezi wa tatu, mara moja tu, kwa upole nilionao, ambao si mwingi. Nikasema, "Leuna, akiwa wa kike, umefikiri?" Akainuka, akaacha kahawa yake imejaa, akavaa viatu vyake vya mti mlangoni akaondoka. Tangu siku hiyo Jumapili haji. Adriaan anasema, "Mama, liache." Niache lipi? Nikuambie wewe chukua, na kumbe mwenzio alikuwa anangoja kulichukua kwa siri yake, atakuwa amenyang'anywa mtoto mara ya pili, safari hii na mimi. Nikuambie acha, na kumbe yeye hawezi hata kulisikia, basi jina limekufa, nami nimelizika kwa mkono wangu.

Kuna na hili. Mwaka jana, nyinyi mmeshaondoka, nilikuwa sokoni na Leuna. Mke wa muuza samaki akaniita kwa sauti, "Tannetje! Tannetje, njoo!" Leuna akageuka. Akageuka haraka, Mina, uso umefunguka kabisa, halafu akaniona ni mimi. Sijaweza kuusahau ule uso. Siku ya pili yake nikapita nyumba hadi nyumba nikawaambia wasiniite tena hivyo, waniite mke wa Kodde. Sikusema kwa nini. Wamenicheka: "Loo, Tannetje amekuwa mheshimiwa tangu apate nyumba ya Waswidi!" Wacheke. Sasa jina langu linatajwa na baba yako tu, tena taa ikishazimwa, tena kwa kunong'ona. Mwanamke wa miaka hamsini na sita ananong'onezwa jina lake kama mwizi.

Ndiyo nikakuambia Susan. Sikuwa na hasira. Sikujua la kufanya na bado sijui. Nalitaka sana liwe la mwanao, nikitaka najiona mchoyo. Nimekuandikia ndiyo na hapana katika barua moja kwa sababu zote mbili ni kweli.

Ngoja tu mpaka Leuna aseme. Asiposema mpaka Julai iishe, basi mpe mtoto jina lolote la kupita nalo njia, tutaona.

Mama yako, ambaye hakukufuta


Karibu na London, Ontario
9 Julai 1955

Mama, Mama,

Mtoto amezaliwa! Wa kike. Hakungoja mwezi uishe, alikuja tarehe tatu, mdogo lakini mwenye sauti ya mnadi samaki. Ana nywele nyeusi na kidevu cha Baba. Mimi mzima, nimerudi nyumbani jana, na jana hiyohiyo nikakuta barua yako ya ndege mezani. Nimechelewa. Mama, tumechelewa.

Sikiliza ilivyokuwa. Huku mama hujifungulia hospitali, na muuguzi alimwambia Krijn kwamba mambo ya jina hayana haraka, akajaze akitulia, wiki kadhaa zipo. Krijn akasikia, akaitikia kwa kichwa, na hakuamini hata neno moja. Kwetu baba ana siku tatu, zikipita kuna makosa, na Krijn Bakker hajawahi kuchelewa mbele ya karani. Mimi nimelala, yeye kavaa suti ya harusi, akapanda baiskeli mpaka mjini. Bwana Hobley alimpita njiani akadhani kuna aliyekufa. Karani alitaka kufunga ofisi aende kula, Krijn akamzuia mlangoni. Akaandikisha Tannetje. Tulishakubaliana, mimi na yeye, nitamlaumuje?

Lakini si hilo tu. Kadi, Mama! Alikuwa amekwisha ongea na Mholanzi mmoja wa mjini mwenye mtambo wa kuchapa, na siku ya pili kadi zikawa tayari, zenye jina kwa herufi kubwa zenye mikia. Akazituma zote kwa ndege, maana kwetu kadi ya mtoto ikichelewa ni aibu. Moja kwenu. Moja kwa mchungaji. Na moja kwa Adriaan na Leuna.

Nilipomsomea barua yako alikaa kwenye ngazi ya nje na viatu vyake vyote vya mavi ya ng'ombe, akasema, "Nimefanya nini, Mina?" Nikampa mtoto ambebe.

Kama hii itaiwahi ile kadi, kimbia posta, mwombe tarishi aizuie, mdanganye chochote. Najua haitaiwahi. Tufanyeje? Bi Hobley anasema huku jina linaweza kubadilishwa, ni kwenda tu kwa karani. Niambie nibadilishe, nitabadilisha. Ila nikimnyonyesha tayari namwita, naye tayari anageuza shingo. Sijui nataka ujibu nini.

Mina


Schouwen
19 Julai 1955

Mwanangu Mina,

Hongera, hongera, hongera. Baba yako anakusalimu, anasema kidevu ni chake na asirudishiwe. Kuni tunazo za miaka miwili.

Kadi iliwahi. Yako ilifika siku nne nyuma yake. Nilipoona jina kwenye yetu, nilikaa palepale barabarani juu ya mfuko wa tarishi, naye akaniambia, "Mke wa Kodde, nimebakiza moja ya namna hiyo, ya kwa mwanao." Nikamwomba anipe. Akasema hairuhusiwi. Nikamwambia nilimjua akiwa na nepi. Akasema bado hairuhusiwi, akapanda baiskeli yake. Baba yako akataka kumfukuza. Kwa mgongo upi?

Sikwenda kwa Leuna. Nilitaka, nikavaa viatu, nikavivua. Biskuti kavu na zile punje za sukari za rangi ya waridi, za kumkaribishia mtoto, nilikuwa nimekwisha nunua tangu Juni kwa ajili yako, nikazificha kabatini nyuma ya unga, kama mtu aliyeiba. Nikakaa.

Alikuja alasiri. Alipita mlango wa nyuma, kadi mkononi, koti la baridi limefunguliwa vifungo, tumbo liko mbele wazi kabisa. Hakusalimu. Akakaa kwenye kiti cha baba yako, akaiweka kadi juu ya meza kati yetu. Nikasema, "Leuna, mwanangu, hawakujua. Nitamwambia Mina abadilishe." Nilikuwa naongea upesi hata mwenyewe sijielewi. Yeye akawa ananitazama. Kisha akasema, "Mama, mtoto amezaliwa kwenu na hamna hata biskuti?"

Nikatoa. Nikapasua pakiti, punje za waridi zikamwagika sakafuni zikaingia chini ya kabati, baba yako bado anazikanyaga. Akala moja. Akala ya pili. Siagi ilimbaki mdomoni, sikumwambia. Akavuta kadi karibu akaisoma kwa sauti, yote, uzito, tarehe, na jina. Alilisoma polepole. Sijamsikia akilitamka tangu Februari ile ya mafuriko, Mina. Sauti haikukatika. Yangu ndiyo iliyokatika.

Nikamuuliza tena, maana sina akili, "Nawe ulikuwa unalitaka?" Akasema, "Nilikuwa sijui. Kila nikijaribu kuliita moyoni, namwona yule akigeuka. Nisingeweza kumwita mwingine kwa jina hilo mlangoni kwangu. Wala sikutaka lisiitwe popote." Akaiweka kadi chini. "Wa kwangu akiwa wa kike atakuwa wa mama yangu, aliyekupisha kwa yule wa kwanza. Mwambie Mina asibadilishe. Na wasimwite Tania."

Ndiyo hiyo. Mimi niliyedhani nitakuwa natenda haki nimefanya ujinga wa miezi mitano, na Krijn na baiskeli yake amemaliza kwa siku moja. Usimwambie, atavimba kichwa.

Lakini Leuna hakuondoka. Alivaa viatu, akafika mlangoni, akarudi. Aliuliza jambo moja ambalo sikuweza kulijibu, baba yako naye hakuweza, tukaazima ramani ya mchungaji na hatukuona vizuri, kuna bluu nyingi kwenye ile ramani. Amekuja tena jana kuuliza kama umeshaandika. Kwa hiyo safari hii anza na hilo, salamu zije baadaye. Anauliza mnakaa mbali kiasi gani na maji.

Mama yako,
Tannetje